Mkono wa Bibi Utosini

Nikisikia harufu ya mafuta ya karafuu, utosi wangu husisimka. Bibi aliyapaka magotini, na kila alipotawadha uani kwetu Kaole aliniita nisimame ubavuni pake. Akiinua mguu kuuosha, aliniwekea kiganja kichwani. Nilijiona mjukuu kipenzi.

Jioni moja mama alimwona akiyumba.

"Mama, tangu lini unamshikilia mtoto?"

"Tangu hii sakafu ilipoanza kunichezea," Bibi akajibu.

Kesho yake mama alisugua utelezi wote, akaweka kigoda. Nilikinunia kigoda kile. Bibi alikaa, akaosha miguu yote miwili bila kunihitaji.

"Mbona umesimama mbali?" akaniuliza.

Nilipomsogelea, akaniwekea mkono palepale utosini, ukichuruzika maji.