Siku Niliyoifundisha sort Kuhesabu Watoto

Nakubali mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: mimi ndiye niliyeiongezea amri ya sort, ile inayopanga orodha, chaguo jipya kwenye mashini ya Unix, kompyuta ya kumpanyi yetu hapa Likasi, nikaliongeza vibaya, halafu nikaenda kujisifu kwa jirani.

Miaka ile ya tisini mshahara ulikuwa haufiki, tulilipwa bunga, unga wa mahindi, na bunga yenyewe haikututosha. Kazi yangu (kazi ya kukaa, ndiyo maana niliipenda, kwangu hata sokoni ni safari) ilikuwa kuchapa majina ya watu wa kupewa, na kwa kuwa sort iliyapanga kwa alfabeti, wa A walikula kila mara na wa N walirudi na beseni tupu. Jirani yangu Mama Ngalula, mpishi wa kantini, mjane mwenye watoto kumi na wawili, alikuwa wa N. Basi nikafikiri, sort iangalie idadi ya watoto iliyoandikwa kando ya kila jina, wenye wengi waitwe mbele. Programu yake tulikuwa nayo kwenye tepu, nikaifungua, nikaandika, nikaijaribu kwa majina ya kubuni, wa watoto watatu, wa saba, wa watano, ikapanga vizuri kabisa.

Siku ya bunga umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja kidogo tu, nikachapa bila kusoma, taa zikazima karatasi ya mwisho ikitoka. Nikapita kwa Mama Ngalula.

“Leo utaitwa mbele ya wote.”

“Kweli, ba Ilunga?”

“Mashini yenyewe nimeifundisha.”

Akaja na watoto wote na mabeseni, akakaa mbele kabisa ya uwanja wa kumpanyi.

Shefu, mkubwa wetu wa kazi, akasoma jina la kwanza. Lilikuwa langu.

(Nina watoto tisa, kila mtu anajua.) Sauti nyuma ikasema, “Ba Ilunga, kumbe mashini inakupenda hivi,” uwanja ukacheka, nikabeba gunia langu jasho likinitoka. Wakaitwa wa watoto wanane, wa saba, wa sita, magunia yanapungua, Mama Ngalula ananitazama, mimi natazama viatu vyangu, na walipofika wa watatu ndipo nikaelewa: chaguo langu lilisoma tarakimu kama herufi, kuanzia ya kwanza, na kumi na mbili inaanza na moja, kwa hiyo mama wa watoto kumi na wawili alikuwa nyuma ya mwenye wawili. (Na sort ilikuwa tayari na chaguo lake la kusoma namba sawasawa, mimi sikulitafuta.)

Nikamkimbilia shefu. “Shefu, simama kwanza, listi iko na kosa.”

“Kosa? Na weye umeshapata yako?”

“Arudishe gunia kwanza,” wakasema nyuma, na wengine wakaitikia, na wakati nabishana nao gunia la mwisho likaenda kwa kijana mmoja mwenye mapacha.

Tangu hapo sijaongeza chaguo kwenye amri yoyote, hata ile ya kuzima mashini. Jioni nililiburuta gunia langu mpaka mlangoni kwa Mama Ngalula, nikamgawia nusu, na badala ya kunyamaza nikaanza kumweleza habari za tarakimu, nikizichora kwa kidole kwenye vumbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anajaza beseni, halafu akasema:

“Batoto bangu unabajua bote na majina, banakula kwako kila siku, juu ya nini ukaenda kuuliza mashini beko bangapi?”