Hesabu Kwenye Kwapa la Blauzi

Sekondari nilisoma couture, yaani ushonaji. Wenzangu wa math-physique walipokuwa wakipambana na dérivée, ile hesabu ya mwinamo wa mkunjo, mimi nilikuwa napima viuno na kukata mikono ya blauzi. Kwa hiyo niliposema nyumbani, hapa Likasi, kwamba nataka kuingia polytechnique kule Lubumbashi niwe injinia wa umeme, baba, fundi umeme wa kiwandani, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaona mimi sicheki.

"Bon. Jaribu mara moja. Ukianguka, unarudia ku mashine ya tantine yako, na maneno imekwisha."

Tantine, dada yake, anashona kwenye baraza la nyumba yetu. Kiti changu kilikuwa tayari kando yake, na nilikiogopa kile kiti kuliko mtihani wa kuingia polytechnique.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alikuwa amemaliza math-physique, akanipa kanuni zake za hesabu. Nami nikafanya kosa letu sisi tuliolelewa na katekisimu: nikazimeza. Nilizikariri nikichota maji na nikiwasha makaa, moja baada ya nyingine, kama rozari. Nikajiona msomi. Siku moja yaya akachora mkunjo, mstari uliopinda, kwa kipande cha mkaa kwenye sementi ya uani, akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa, inashuka namna gani?"

Nikamtolea kanuni.

"Hapana. Minye nakuuliza hii laini. Weye unasali tu, hauelewe."

Nilikasirika. Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Kesho hiyo nilikuwa nachora kwapa la blauzi, ule mkunjo unaotoka begani kwenda ubavuni. Nikaweka rula iguse mkunjo mahali pamoja tu, kama tulivyofundishwa, kuukagua. Begani rula ilikaribia kusimama. Nikaisogeza chini, ikainama. Nikaisogeza tena, ikainama zaidi. Kumbe yaya alikuwa akiniuliza rula ingeinama kiasi gani pale alipoweka kidole! Tantine akataka kujua nacheka na nani.

Nikaanza upya, toka chini kabisa, na huko chini kulikuwa na aibu: hata hesabu za sehemu, nusu na robo, za shule ya msingi nilikuwa nazikosea. Nikazirudia. Kanuni niliyoshindwa kuichora sikuiruhusu kuingia kichwani. Kuna siku niliichukia hesabu kwa moyo wote, na alfajiri nikaamka nayo tena.

Siku ya mtihani, kule Lubumbashi, msimamizi alitazama diploma yangu.

"Couture? Mama, haukupotea?"

"Hapana, papa. Naikala wapi?" Akanionyesha kiti.

Swali moja lilikuwa la mkunjo. Nikalaza rula kwanza, ndipo nikaandika.

Majina ya waliofaulu yaliposomwa, langu lilikuwemo. Nikampigia baba simu. Nikamwambia nimepita.

"Sema tena."

Nikasema tena. Kisha nikamsikia akipaza sauti kuelekea barazani, simu bado iko sikioni:

"Tantine! Mutafute mwingine wa kuikala ku mashine. Huyu hatarudia!"