Alipozaliwa Mama, na Mambo Mengine ya Kujaza Fomu

Nakiri mapema ili tusipotezeane muda: mimi ni mtu wa orodha. Nilipopata barua ya kukubaliwa kwenda Ujerumani kujifunza kazi ya kutunza wazee, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumshukuru Mungu wala kumpigia mama simu. Nilichukua daftari, nikapiga mistari kwa rula. Mama aliambiwa siku ya pili, akiwa namba saba.

Barua ilisema nafasi yangu ingeshikiliwa hadi mwisho wa Septemba, kisha angepewa mwingine. Hapo ilikuwa Machi. Niliona muda ni mwingi mno, nikaanza kuutumia vibaya kwa utaratibu mzuri sana.

Kijerumani nilijifundisha mwenyewe kwa simu, miaka miwili, katika chumba nilichopanga mjini Arua nyuma ya fundi vyerehani. Hakukuwa na wa kunisahihisha, kwa hiyo nilijisahihisha, na mimi ni mwalimu mkali. Mtihani niliufanyia Kampala nikafaulu, lakini kwa alama chache nilizokosa nililala njaa siku mbili. Sasa kwa kuwa lugha ilikuwa tayari, nilijiambia kwamba kilichobaki ni baridi.

Sokoni nilipata koti zito la mitumba, refu hadi magotini. Muuzaji alilitoa chini kabisa ya rundo, akalipiga vumbi.

"Dada, hii koti iko hapa miaka mbili," alisema. "Nilikuwa nafikiri watu watanizika nayo."

Kila siku baada ya chakula cha mchana nilifunga mlango na dirisha, nikalivaa, nikakaa kitandani. Wiki ya kwanza nusu saa, wiki ya pili dakika arobaini. Nilirekodi maendeleo. Ilinichukua karibu mwezi mzima kutambua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi ya joto.

Ndipo nikaenda kwa mama mmoja anayeuza samaki wa barafu, nikamwomba niwe naingiza mkono kwenye friza lake huku nikihesabu hadi mia kwa Kijerumani. Alinikubalia kwa siku tatu. Siku ya nne aliniambia, "Binti, wateja wanauliza hiyo mkono ni kilo ngapi," akashusha kifuniko.

Kazi yenyewe pia nilijifunza, msinione mjinga. Niliangalia video za namna ya kumwogesha mzee asiyeweza kujiogesha. Nilifanyia mazoezi kwenye mto wangu wa kulalia. Ulikuwa mteja mzuri, haukulalamika hata mara moja.

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kimepigwa alama ya vema, isipokuwa pasipoti, ambayo niliiona kama jambo dogo la kujaza fomu. Na fomu ndiyo mahali ninapojiamini kuliko mahali popote duniani.

Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika mahali alipozaliwa mama. Jibu lake kila mtu wa kwetu Koboko, mpakani, analijua: Koboko. Ukweli ni kwamba nusu ya watu wa umri wa mama yangu walizaliwa ng'ambo, Zaire au Sudan, ile miaka ya vita ambayo familia nzima nzima ziliinuka zikatembea kuvuka mpaka. Lakini kwenye karatasi wote walizaliwa nyumbani. Hakuna anayeona kwamba ni uongo. Ni kama kusema hujambo wakati jino linakuuma.

Mimi, na kalamu yangu ya wino mweusi kama walivyoagiza, niliandika: Zaire. Kisha, nikimhurumia yeyote atakayesoma fomu hiyo baadaye akachanganyikiwa, nikaongeza chini yake kwa herufi ndogo kwamba nchi hiyo siku hizi huitwa Kongo.

Afisa aliyepokea fomu alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Aliisoma, akarudi nyuma, akaisoma tena.

"Mama yako ni Mkongo?"

"Hapana. Ni Mganda aliyezaliwa Zaire."

"Nani anajua hivyo?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwepo?"

Alinieleza, bila ubaya wowote, kwamba sasa lazima aje mtu aliyekuwepo mama alipozaliwa, na ionekane kwamba wazazi wa mama walikuwa watu wa huku. Bila hivyo fomu isingesogea. Aliiweka kwenye rafu, juu ya nyingine. Ilikuwa Juni. Nilitoka nje nikiwa nimebana faili langu la rangi nne kifuani.

Nilimpigia mama, anayeuza mafuta ya simsim sokoni Koboko.

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Ukweli."

Nilisikia mtu upande wake akiuliza bei, na mama akamwambia asubiri.

"Watu wote wa rika langu wamezaliwa Koboko," alisema. "Kwa nini mimi peke yangu nizaliwe Zaire?"

"Kwa sababu ulizaliwa Zaire, mama."

"Nani amekuuliza?"

"Fomu."

"Basi fomu ikupeleke Ujerumani."

Baadaye alipiga tena, sauti imeshuka. Aliyekuwepo siku ile na bado yu hai ni mmoja tu, alisema: mama yake. Niende kijijini Dranya nikamwombe. Ila nijue kwamba bibi amesikia ninakwenda kufanya kazi gani, na hajafurahi.

Bibi tunamwita habuba, kama wanavyosema Wanubi wa mjini, ambako alikulia kabla ya kuolewa na askari wa Dranya. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anachambua ufuta, na karibu na goti lake kopo lake la maziwa ya unga, lenye kutu pembeni. Kopo hilo halina maziwa tangu kabla sijazaliwa, na hakuna mjukuu aliyewahi kuruhusiwa kuligusa. Nilimsalimu, nikaketi, nikasubiri. Hakuniinulia macho.

"Kwa hiyo unaenda kuosha wazee."

"Kuwatunza, habuba. Kuosha ni sehemu tu."

"Wazee ya watu."

"Ndiyo."

"Hao hawana wajukuu?"

"Wanao."

"Wajukuu iko wapi?"

"Wako kazini."

Alipepeta ufuta kidogo, makapi yakanirukia.

"Na mimi?" alisema. "Mimi bado kijana?"

Nilikuwa nimetayarisha majibu ya maswali ishirini ya ubalozini. Hili halikuwemo. Nilimweleza habari ya fomu, afisa, rafu na mwisho wa Septemba, nikieleza haraka haraka kama mtu anayesoma masharti ya dawa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nitaenda Arua," alisema. "Nitamwambia huyo mtoto wa serikali. Lakini kwanza uniogeshe, kama utaogesha huyo mzungu. Nataka kuona hiyo kazi inakuita mbali hivi."

Naandika haya kwa aibu: nilitoa daftari kwenye mkoba nikafungua ukurasa wa kuogesha.

Nyuma ya nyumba kuna kijibafu cha mikeka. Nilichemsha maji, nikachanganya, nikapima kwa kiwiko kama walivyofundisha kwenye video, nikarudi kusoma hatua inayofuata, nikakuta maji yamepoa, nikachemsha upya. Habuba alisubiri kwenye kigoda akiwa amejifunika khanga. Kopo alikuwa amekuja nalo, ameliweka kwenye jiwe. Nilitaka kulisogeza lisirushiwe maji.

"Hiyo acha."

Nikaacha. Kwenye video walisisitiza kwamba mzee aambiwe kila hatua kabla ya kuguswa, asije akashtuka.

"Habuba, sasa nitaosha mkono wa kulia."

"Naona."

"Habuba, sasa nitaosha mkono wa kushoto."

"Kama ya kulia imeisha, nilijua itakuwa hiyo."

Nilipofika mgongoni nikanyamaza mwenyewe. Mto wangu haukuwa na mifupa. Mgongo wa habuba ulikuwa mdogo kuliko nilivyoujua, mwanamke huyu aliyewahi kunibeba kutoka Dranya hadi hospitali ya Koboko nikiwa na malaria. Ngozi ilisogea chini ya kitambaa, nikaogopa, nikawa napapasa tu.

"Sugua," alisema. "Mimi si yai."

Nikasugua. Alifumba macho. Nilipomaliza nilimkausha, nikampaka mafuta, nikamvika, nikasubiri hukumu. Hakutoa.

"Kesho asubuhi," alisema tu.

Kesho yake tulishuka Arua. Alivaa gurbaba mbili za sikukuu, vitambaa vya kujifunga vya Kinubi, moja kiunoni, moja mabegani, na ndani ya ile ya juu alikuwa amefunga kitu. Mimi nilibeba faili: nakala kumi na nne za kila aina, kila moja na kibandiko chake.

Afisa alinikumbuka. Alimpa habuba kiti, akamwamkia shikamoo, akaanza.

"Mama, binti yako alizaliwa wapi?"

"Upande ya Zaire. Katika shamba ya mihogo ya mutu. Mwenye shamba alikuja asubuhi kuangalia mihogo yake, akakuta tumekuwa wawili."

"Alisema nini?"

"Alisema tusile ya upande ya kulia, ni chungu."

Afisa alikuwa anaandika. "Mwaka gani?"

"Mwaka ya kukimbia."

"Mlikimbia mara ngapi?"

"Hiyo ilikuwa ya kwanza."

"Na hamkuwa na muda wa kujiandaa."

"Tulijiandaa," habuba alisema. "Tulizima moto."

Kalamu ya afisa ilisimama. Mimi nilitazama faili langu, rangi zake nne.

Akauliza, kwa adabu, kama kuna karatasi yoyote inayoonyesha mume wake alikuwa mtu wa wapi. Nikaanza kueleza kwamba tumetafuta na hakuna, kwamba nina barua ya mwenyekiti wa kijiji, kibandiko cha kijani. Habuba alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya gurbaba. Alitoa kopo la maziwa, akalifungua kwa kucha, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kadi ya jeshi ya babu: picha, namba, kijiji chake Dranya, vyote vikisomeka. Kadi ile ilivuka Zaire, ikarudi, ikaenda Sudan, ikarudi. Afisa aliipokea kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukusema kuna hii?" aliniuliza mimi.

"Hajaniuliza," habuba alimjibu.

Ni kweli. Nilikuwa nimemwuliza muuza mitumba, friza na mto wa kulalia. Tangu nizaliwe nilikuwa naliona kopo lile, na sikuwahi kuuliza lina nini.

Afisa alitoa nakala, akarudisha kadi, akaitoa fomu yangu kwenye rafu, akagonga muhuri. Pasipoti ingetoka Julai, alisema. Kisha, labda kwa kuwa foleni ilikuwa fupi, akamwuliza habuba:

"Basi huyu anakwenda kutunza wazee. Ataweza?"

Habuba alifikiri sana, kuliko alivyofikiria swali lolote la serikali.

"Ataweza. Mkono yake iko laini. Anaongea sana, lakini ataacha." Akafunga kopo. "Ila masikio anasahau. Nyuma ya masikio hakuosha hata kidogo."

Nilifungua daftari palepale, mbele yao wote wawili, nikaandika.

Pasipoti ilitoka Agosti, viza ikafuata Septemba, siku tisa kabla ya mwisho. Mwenye friza alinipa samaki mmoja wa kuaga. Mama aliweka mafuta ya simsim kwenye sanduku langu, nami nilipoyatoa aliyarudisha, mara tatu, mpaka nikatoa koti la pili, nililonunua la akiba, yakapata nafasi. Nani atamwosha habuba ni swali ambalo halikupata namba kwenye orodha yangu. Wajomba walisema wapo. Najua kwamba wapo. Wako kazini.

Ijumaa ya mwisho nilikwenda Dranya. Nilichemsha maji mara moja tu, na daftari niliacha Koboko kwa mama. Kopo lilikuwa kwenye jiwe lake.

"Habuba, sasa nitaosha nyuma ya masikio."

"Hiyo usiseme," alisema, akainamisha kichwa. "Osha tu."