Mkono Nilioufunga

Binti yangu wa pili alizaliwa na mashoto. Kijiko, kitana, kokoto za kuchezea, kila kitu alikishika kwa mkono wa kushoto, na mimi kwa miaka sita sikuona ubaya wowote. Nilikuwa na kaka yake mkubwa aliyekuwa akitoroka chuo cha Kurani, nilikuwa na mdogo wao anayetambaa, na tulikaa ghorofa ya juu huko Mkunazini ambako maji ya bomba hayakupanda, ila ndoo kichwani na ngazi moja baada ya nyingine. Mwenye hayo yote hana nafasi ya kuchunguza nani anachana nywele kwa mkono gani.

Kwenye chakula nilimkumbusha, akabadilisha mkono, akasahau, nikachoka. Mwisho nikawa nampakulia kwenye kisahani chake, ale anavyojua.

Kisha mkwe wangu, mama wa mume wangu, akahamia kwetu kutoka Chwaka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, masika yalikuwa yameondoka na nusu ya paa lake. Nilimpenda mama yule, nasema kweli, lakini nilimwogopa zaidi. Hakuwa mtu wa kugomba. Akichukia kitu alinyamaza tu, na ukimya wake ulijaa nyumba nzima.

Siku ya kwanza nilitandika mkeka, nikaweka sinia la muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Kwa heshima ya mgeni, sote tukala pamoja, kisahani nikakiacha jikoni. Tukasema Bismillahi. Mkono wa kwanza kuingia katika sinia ulikuwa wa binti yangu, na ulikuwa wa kushoto. Mkwe wangu alikuwa hajamega hata tonge moja. Akaurudisha mkono wake taratibu, akanawa, akasema, "Alhamdulillahi, nshashiba mwanangu."

Afadhali angenitukana.

Jioni alinifuata jikoni nikikuna nazi. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Huyu mtoto wa kike. Kesho kutwa ataolewa, akale sinia moja na mawifi. Watasema hana mama?"

"Nikimwambia anasahau, mama."

"Mkono ukifungwa hausahau. Wangu miye nlimfunga mmoja, mpaka leo hana neno."

Hakunitajia ni yupi na sikuuliza. Nilichowaza ni Sikukuu ya Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Mwaka ule ukoo wote wa mume wangu ungekuja kula kwetu kwa sababu mama yao yuko kwetu, na pamoja nao wifi yangu mkubwa, mwenye ulimi ambao siku ya harusi yangu ulisema kwamba wanawake wa mjini wanajua kupaka wanja, kulea hawajui. Maneno hayo yalikuwa na umri wa miaka kumi na yalikuwa bado yananiwasha. Hapo tulikuwa mwezi wa Rajabu. Nilikuwa na miezi miwili na ushei.

Nikachana kanga kuukuu, nikapata ukanda mrefu wenye pindo jekundu. Kila tukikaa kula nilimfunga mkono wa kushoto nyuma, nikauzungusha ukanda kiunoni. Siku ya kwanza alicheka akidhani ni mchezo. Siku ya pili alilia. Siku ya tatu alijaribu kufungua akamwaga mchuzi wote wa papa mkekani, na mimi nikamzaba kibao. Nalisema hili kwa sababu sitaki kujisafisha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile nilikuwa nimetoka kusimama foleni asubuhi nzima.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Tonge lilivunjika njiani, na likifika mdomoni limebaki nusu. Mara nyingi alisema ameshiba nami nikijua hajashiba.

Siku moja nikimwogesha aliutoa mkono wa kushoto majini, akautazama mbele na nyuma, kiganja na kucha. "Mama," akaniuliza, "mkono huu umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Nyamaza nikusugue."

Ndilo jibu nililompa. Nilikuwa na povu mikononi na sufuria jikoni, na sikulifikiria swali lile tena mpaka lilipokuja kunirudia lenyewe.

Baada ya mwezi, ikawa hakuna kilio. Mkeka ukitandikwa alikuja mwenyewe, akanipa mgongo, akaupeleka mkono nyuma na kusubiri ukanda. Nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, "Mwanao ameshika adabu sasa."

Mume wangu alikuwa kuli bandarini, mtu wa maneno machache, tena mengi ya hayo aliyamaliza huko huko kazini. Alivua viatu, kisha akauliza, "Mbona haimbi siku hizi?"

"Wewe uimbe basi," nikamjibu.

Lakini ilikuwa kweli. Mtoto aliyekuwa akiimba ngazini mpaka majirani wanatuambia tuizime redio hiyo, sasa nilipomwita alijibu "Naam" na kufika, basi.

Ramadhani ikaingia. Mchele siku zile ulikuwa wa foleni na wa kubahatisha, nami nilikuwa naweka akiba kibaba kwa kibaba ili siku ya sikukuu wageni wale wali. Alasiri moja, funga imenikausha midomo, nilirudi na kikapu changu na kumsikia kitindamimba analia tangu ngazi ya chini. Nikapanda mbio.

Nilimkuta amekaa mkekani, mkono wake mdogo wa kushoto umefungwa nyuma kwa ukanda wa pindo jekundu, umezungushwa kiunoni vizuri kabisa kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Dada yake amepiga magoti mbele yake, ana ndizi aliyoiponda, anamlisha na kumfuta machozi.

"Kula, mdogo wangu," anamwambia. "Ukizoea sasa hivi, ukikua hupigwi."

Akaniona. Hakushtuka hata kidogo. "Nimemfunga mapema, mama," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kusifiwa.

Nilikaa chini pale pale mlangoni na kikapu changu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona kabla wala baada. Wifi hakuwepo, jirani hakuwepo, nilijionea haya mwenyewe mbele ya mtoto wa miaka sita.

Mkwe wangu alikuwa chumbani anashona kofia, zile za vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi. Kilio kilimtoa. Alisimama akatazama, akainama kumfungua mtoto, lakini fundo lilikuwa limekazwa na vidole vyake vya uzee havikuliweza. Binti yangu akapeleka mkono wa kushoto, akalifungua mara moja.

 Mkwe wangu akamshika mkono ule ule, akamkalisha karibu yake, akampa sindano na uzi. Kwa kawaida kazi ya kutunga uzi ilikuwa yangu, kwa kuwa macho yake hayakuona tundu. Mtoto akatunga mara ya kwanza tu.

"Sikiliza, mjukuu wangu," bibi akasema. "Chakula tunakula kwa mkono wa kulia, ndivyo tulivyofundishwa, na wewe utakula hivyo. Lakini uzi si chakula. Sindano shika unavyotaka."

"Na ukanda?"

"Ukanda mpe mama yako asugulie masufuria."

Baadaye tukikatakata vitunguu vya futari, bila ya kuniangalia, akasema, "Yule niliyemfunga ni wifi yako mkubwa." Akachukua kitunguu kingine. "Alikuwa mtoto mcheshi." Mimi niliendelea kukata.

Sikukuu ikafika. Nyumba ilijaa watu mpaka ngazini, wanaume sebuleni, sisi na watoto chumba cha ndani. Nilileta sinia la pilau iliyonigharimu foleni za miezi miwili. Wifi yangu alikaa mbele yetu amejifukiza udi, binti yangu akakaa kushotoni kwangu na gauni lake jipya. Hakuna aliyekuwa amemfunga. Nikasema Bismillahi na roho iko mkononi.

Alikula kwa mkono wa kulia, polepole, tonge dogo dogo, punje zikimdondoka.

"Mashaallah," wifi yangu akasema. "Mtoto ana adabu huyu. Umemlea."

Miaka kumi niliyangoja maneno yale, na yalipofika hayakunifaa kitu, kwa sababu nilikuwa nimeshaona. Mkono wa kushoto alikuwa ameukalia. Ameusukuma chini ya paja, kiganja kwenye mkeka, akauwekea uzito wake wote.

Nilipeleka mkono wangu, nikautoa taratibu chini ya paja, nikauvuta mapajani mwake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na alama za ukili wa mkeka zimeandikika kiganjani. Akageuka kunitazama kwa hofu.

"Haujafanya kitu, mama," akaninong'oneza.

"Najua," nikasema. "Najua, mwanangu."

Sikuuachia. Tulikula hivyo mpaka sinia likaisha, mikono yetu ya kulia kwenye pilau, na wake wa kushoto ndani ya wangu, mpaka vidole vikapata moto.