Siku Landrova ya Babu Iliponguruma

Jirani yangu hapa Mwanjelwa ana pikipiki mbovu, na kila Jumapili asubuhi huiegesha barazani, akafungua kabureta na kuiosha kwa petroli ndani ya chupa ya maji iliyokatwa katikati. Wiki iliyopita alifungua tangi la pikipiki nyingine, ya rafiki yake, iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. Harufu ilinifikia jikoni nikiwa nakatakata vitunguu. Kama hujawahi kunusa petroli iliyochacha, sijui nikueleze vipi. Si ile harufu kali na safi ya kituo cha mafuta. Ni harufu nzito, kama rangi ya mlango iliyoganda kwenye kopo, na nyuma yake kuna uchachu kidogo, kama wa pombe ya jana. Niliweka kisu chini. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimesimama ndani ya kibanda cha mabati kule Kilolo, na baba ananiambia nisishike kitu chochote.

Tulikuwa tunaishi hapa hapa Mbeya. Baba alifundisha Kiswahili shule ya msingi, na ualimu wake haukuishia darasani. Alimsahihisha muuza nyanya, alimsahihisha kondakta, na siku moja alimsahihisha mchungaji katikati ya sala, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha. Ukisema "gari yangu" mbele yake, ulikuwa umejitakia. "Gari langu," angesema. "Li, ya. Gari hili, magari haya." Nililelewa kwa upatanisho wa sarufi kama watoto wengine wanavyolelewa kwa uji.

Babu, baba yake, hakuwa mtu wa li na ya. Kiswahili alikijifunza ukubwani, juu ya Kihehe chake, alipokuwa dereva wa shamba la chai, na alikitumia kama alivyotumia jembe: ili kazi iishe. Shamba lilipofungwa alibaki na landrova moja kuukuu, ya petroli, ya rangi ya majani yaliyopauka. Alikuwa akiigonga boneti kwa kiganja na kuwaambia wageni, "Gari yangu nzima hii. Itanizika." Mimi aliniita mchumba, kama mababu wanavyowaita wajukuu wa kike, na aliniruhusu nikae kiti cha mbele, mahali pa bibi, bibi akiwa hayupo.

Bibi alifariki nilipokuwa na miaka minne. Babu alikuwa amemtumia baba ujumbe kwamba mama yake hali si nzuri, aje. Baba akajibu kwamba atakuja shule zikifungwa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Bibi hakuzisubiri. Wiki ile ile ya mazishi landrova ikaingizwa kibandani, na sisi watoto tukaambiwa injini imekufa. Tangu hapo babu hakugombana na baba hata siku moja. Alimjibu salamu, alimuuliza mvua za Mbeya zikoje, basi. Baba angerudi kutoka Kilolo akiwa amenyamaza safari nzima, hata kondakta akisema lolote asimsahihishe. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele.

Kisha babu akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka nao. Shangazi Eliza, dada yake baba, ndiye aliyebaki naye, akimlisha kwa kijiko na kumgeuza kitandani. Muuguzi mmoja wa zahanati alimwambia shangazi kwamba wagonjwa wa aina ile wanaweza kusaidiwa kwa kusikilizishwa vitu walivyovipenda, na shangazi akamweleza baba hivyo kwa simu, nadhani bila kufikiria sana. Baba alifikiria sana. Shule zilipofungwa mwezi wa sita alinichukua, tukapanda basi hadi Iringa mjini, akamtafuta fundi, na kesho yake tulikuwa Kilolo, watatu, mbele ya kibanda ambacho mlango wake ulikuwa umeota majani.

"Nataka aniambie neno moja tu," nilimsikia baba akimwambia shangazi. "Hata likiwa la kunitukana."

Fundi aliitwa Shabani. Babu zake walitoka pwani, na yeye alizaliwa Iringa, lakini aliiongelea baridi ya Kilolo kama mtu aliyeshuka jana. Alivaa makoti mawili. Aliingia chumbani kwa babu kwanza, akavua kofia, akamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mzee. Nimekuja kukuibia gari, lakini nitakurudishia." Babu alimwangalia tu.

Siku ya kwanza ilikwisha kwa kusafisha. Ndani ya kichujio cha hewa panya walikuwa wamejenga: nyasi, manyoya ya kuku, maharage, punje za mahindi, kijiji kizima. Fundi Shabani alifungua plagi nne, akatia mafuta ya injini kidogo katika kila tundu, akasema vyuma vilivyokaa miaka sita bila kusogea havilazimishwi. Vinalowekwa kama maharage makavu. Petroli ya zamani aliimwaga mbali, na kuku wakaikimbia. Kabureta aliifungua juu ya gunia, akazibua vitundu vyake kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Mimi nilimuuliza kila kilichokuwa kwenye gunia ni cha nini, na alinijibu kila swali, jambo ambalo watu wazima hawakuwa na kawaida ya kunifanyia.

Asubuhi iliyofuata alichomeka hendeli mbele ya gari, akaisukuma kwa uzito wake wote, na injini ikazunguka. Polepole, kwa mguno, lakini ilizunguka. Baba alifunga macho. Fundi hakufurahi. Alifungua boneti tena, akafungua kile kifuniko cheusi zinakotoka nyaya za plagi, akachungulia humo muda mrefu.

"Hii gari haijafa, mwalimu," alisema. "Hii gari imenyamazishwa."

"Gari hili," baba akasema.

"Hili, hii, rota haipo."

Alinieleza mimi, kwa kuwa ndimi niliyeuliza. Rota ni kidude cha plastiki nyeusi, hakizidi kidole gumba, kinachozunguka humo ndani na kugawa moto kwa kila plagi. Kisipokuwepo, injini inaweza kuwa na afya ya ng'ombe na bado isitoe hata kikohozi. Na hakidondoki chenyewe. Mtu lazima afungue kifuniko, akivute, afunge tena.

"Wezi," alisema baba.

Nikauliza ni mwizi gani anayeacha betri, magurudumu manne na jeki, akaondoka na kitu cha kuweka mfuko wa shati.

"Huyu ukimpeleka mahakamani atamfunga hakimu," alisema Fundi Shabani.

"Maswali baadaye," alisema baba.

Shangazi Eliza alikuwa ametuletea chai na viazi vya kuchemsha. Alianza kukusanya vikombe, ingawa bado vilikuwa na chai.

Fundi alishuka mjini kutafuta rota, akarudi nayo kesho yake mapema pamoja na dumu dogo la petroli. Ukungu ulikuwa umelala chini kiasi kwamba kutoka mlangoni hukuiona miparachichi. Baba na shangazi walimtoa babu nje, wakamkalisha kwenye kiti cha mikono, wakamfunika mablanketi mawili na kumvika kofia ya sufu. Landrova walikuwa wameisukuma mpaka uani, imemtazama. Mimi niliambiwa nikae karibu yake nimshike blanketi lisianguke, na nilikuwa na kiazi cha moto mkononi.

Hendeli mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, injini ikapiga chafya. Mara ya tatu ikakamata. Moshi wa buluu ulitoka, na pamoja nao, kutoka bomba la nyuma, yakaruka maharage ya panya yaliyoungua, na Fundi Shabani akacheka mpaka akashika kiuno. Ule ulikuwa mngurumo mbovu, wa kusitasita, kisha ukatulia, ukawa mzito, na nikahisi ardhi ikitetemeka chini ya ndala zangu. Sauti ile niliijua. Sikuwa najua kwamba naijua.

Babu alikuwa ameinua kichwa. Mdomo wake, ule upande uliobaki, ulianza kufanya kazi kama wa mtu anayetafuna kitu kigumu.

"Zi," alisema. Kisha, "Zima."

Baba alimsikia hata katikati ya kelele ile. "Mmesikia?" alisema. "Baba amesema. Gari zima! Amesema gari ni zima! Shabani, kanyaga mafuta, asikie."

Fundi akaingia, akakanyaga mafuta. Ukungu wote ulijaa sauti.

"Zima," alisema babu. "Zima."

Baba alipiga magoti kwenye umande, na suruali yake ya shuleni, akashika mkono wa kulia wa babu, ule uliokufa. "Ndiyo, baba," alisema. "Ni zima kabisa. Na wewe utakuwa mzima." Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, hata kwenye mazishi ya mama yake.

Mimi nilikuwa upande wa pili, upande wa mkono ulio hai. Babu hakuwa akiangalia boneti wala moshi. Alikuwa akiangalia kiti cha mbele cha abiria, kilichokuwa kitupu. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi, kidole gumba na cha shahada vimebanwa pamoja, vinazunguka kidogo upande mmoja, vinarudi, vinazunguka tena. Nilifikiri anataka kumenya kitu. Nikamwekea kiazi changu kwenye vidole. Hakukishika, kilibingirika hadi chini, na kuku akaja.

Injini iliachwa ikinguruma mpaka petroli ya dumu ikaisha. Iliponyamaza, babu alikuwa amefumba macho. Hakusema neno jingine. Mwezi uliofuata tulirudi Kilolo kumzika.

Miaka ilipita. Nikaenda chuo kikuu, nikasoma isimu, nikawa mtu wa kukera: nilimuuliza mchungaji maswali, nilimuuliza mganga maswali, nilimuuliza baba kwa nini wingi wa neno uamuliwe na vitabu wakati wasemaji wako hai. Siku moja ukumbini mhadhiri alikuwa akieleza jinsi watu wa bara wanavyolegeza upatanisho. Aliandika ubaoni mfano wake: wa vitabuni wanasema gari zima, mitaani na mashambani wanasema gari nzima. Wenzangu waliandika. Mimi nilibaki na kalamu mkononi.

Babu hakuwahi, maisha yake yote, kusema gari zima. Kwake gari ilikuwa nzima. Ni mtu mmoja tu pale uani ambaye angesema gari zima, na ndiye aliyelisikia hivyo. Aliyesema zima, bila ile n, alikuwa anasema kitu kingine, kile tunachomwambia mtu taa inapotuumiza macho.

Likizo ilipofika nilikwenda Kilolo moja kwa moja. Shangazi Eliza alikuwa akimenya viazi. Nilimweleza ubao, nzima na zima, na vidole vya babu, ambavyo sasa nilivielewa: vilikuwa vikizungusha ufunguo. Hakuacha kumenya.

"Mimi nilisikia siku ile ile," alisema.

Ndipo akaniambia. Bibi hakufia nyumbani, kama tulivyoambiwa. Babu alikuwa akimkimbiza hospitali mjini, bibi amekaa pale kiti cha mbele, na kwenye mteremko fulani babu akamwongelesha, asijibu. Akageuza gari. Alirudi naye njia nzima hivyo, amekaa, kichwa kikigonga dirisha kila penye shimo. Alipofika alifungua boneti, akatoa kile kidude, akakitupa chooni, na kumwambia shangazi kwamba sauti ile hataki kuisikia tena mpaka afe.

"Kwa nini hukumwambia baba?"

"Lini? Yuko kwenye magoti, analia, amepata neno lake? Kaka yangu alikuja na mzigo mmoja, mwanangu. Nimtwishe wa pili?"

"Na babu je?"

Hapo aliacha kumenya. "Babu yako nilimkosea," alisema. "Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye ile gari. Nilichagua."

Sijui ningechagua nini. Nimejaribu kulipindua jambo hili kila upande, kama nilivyofundishwa. Nimejiambia kwamba kiharusi kinaweza kula herufi moja, kwamba huenda n ilimezwa, kwamba ushahidi wa kisarufi juu ya mgonjwa haufai kitu. Hoja hizo ni nzuri. Kisha navikumbuka vile vidole, na zinaanguka zote.

Baba amestaafu sasa. Kila Krismasi, chakula kikiisha, huwasimulia wajukuu jinsi babu yao mkubwa alivyofumbua mdomo baada ya miezi ya ububu, kwa ajili yake, na kwa Kiswahili sanifu. Uso wake hulegea anapofika hapo, ukawa uso wa mtu aliyesamehewa. Kisha hunigeukia mimi, shahidi wake pekee mezani.

"Si ulikuwepo?" husema. "Si ulisikia mwenyewe?"

Nami, ninayeuliza kila kitu, humjibu, "Nilisikia, baba." Hajawahi kuniuliza nilisikia nini.