Wifi Yangu na Feni ya Bwenini

Wifi yangu tumembandika jina la Washa Tuone. Mwambie taa inawaka, atakujibu, "Washa tuone." Hata siku ya harusi yake, kaka alipoapa kumpenda daima, shangazi alichomekea, "Washa tuone!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kazi yake ni kulijaribu jengo jipya kabla mwenye jengo hajalipokea. Ni mhandisi, tena aliyeanza kama fundi wa mitambo ya hewa, kwa hiyo hadanganyiki kirahisi. Sharti kubwa la kazi hiyo ni kwamba asiwe amelichora jengo wala kulijenga. Hutumwa na mwenye jengo, na mkandarasi hamtishi.

Mimi ni matroni wa shule ya wasichana. Bweni letu jipya la ghorofa tatu lilikwisha, wasichana wakafunga magodoro yao wahamie kesho yake. Wifi akagoma kuliidhinisha. Nilikasirika, sifichi.

"Wifi, unaniaibisha. Feni ya kutoa moshi inanguruma mpaka getini inasikika. Unataka ikuimbie?"

"Kunguruma siyo kutoa moshi, wifi. Panda ukasimame kwenye ngazi, pale watakapokimbilia watoto wako moto ukitokea."

Nikapanda huku nabwata. Mkandarasi alikuwa chini anacheka, na mimi nilikuwa upande wake. Wifi akajaza korido ya ghorofa ya pili moshi wa majaribio, usiodhuru, kisha akawasha feni.

Moshi ulipaswa kuvutwa nje. Ukaja kwangu! Ulipenya pembeni mwa mlango, ukatanda ngazini, nikanyoosha mkono nisiuone. Nilijua kabisa hauui. Hata hivyo nilipapasa ukuta nikiita, "Wifi! Wifi!" kama mtoto.

Alinishika mkono akanishusha. Mkandarasi alikuwa hacheki tena.

"Nyaya mbili zimebadilishana nafasi," wifi alisema. "Feni inazunguka kinyume. Inapuliza badala ya kuvuta."

"Nyaya mbili tu?"

"Mbili tu."

Nilikaa kwenye kizingiti. Mlangoni palikuwa na orodha ya vyumba niliyoibandika mwenyewe asubuhi. Wadogo kabisa, wale wanaolala fofofo hata kengele haiwaamshi, nilikuwa nimewapanga ghorofa ya juu.