Mkono wa Bibi Mkasi

Fundi cherehani yule mtaani walimwita Bibi Mkasi, na si kwa ushonaji tu: ulimi wake ulikata, na mkono nao haukubaki nyuma. Mwaka uliopita alimzaba kofi mjukuu wake wa miaka sita kwa kumwaga pini. Binti yake, mama wa mtoto, akasema: "Ukimgusa tena, mama, hutamwona." Bibi akaapa moyoni kwamba mkono ule hautarudia.

Sasa mwanawe wa kiume, anayesomea mambo ya ubongo chuo kikuu, akaja likizo na elimu yake. Alijikalia juu ya vitambaa akaeleza kwamba wataalamu wamepima: ubongo huanza kuuandaa mkono kabla mwenyewe hajajua kuwa ameamua. "Kwa hiyo usijilaumu, mama. Lile kofi hukulichagua."

Masikini, alidhani anamfariji, kumbe anamtonesha kidonda.

"Kama la jana sikulichagua," alisema bibi, chaki mkononi, "basi hata la kesho siwezi kulizuia. Hilo silikubali, mwanangu. Na hebu ondoka juu ya vitambaa vya watu."

Jumamosi binti akamleta mtoto, akaenda sokoni. Bibi aligeuka kidogo tu kutafuta uzi, akasikia mkasi ukilia. Kitambaa cha gauni la bibi harusi, alichokipima mara tatu kama desturi yake, kilikuwa na tundu katikati, na mjukuu ameshika kipande. "Nguo ya mwanasesere," alisema.

Mkono ulikuwa juu tayari. Haki ya Mungu hakuuinua. Ulipanda wenyewe, vilevile alivyosema msomi. Mtoto alishafumba macho, mabega yamegusa masikio. Alijua kinachofuata, na hilo lilimuuma bibi kuliko gauni.

Aliushusha. Ulikuwa mzito kama gunia la mchanga, lakini aliushusha mpaka mezani, akaukandamiza kwa mkono wa pili.

Binti yake, aliyerudi kutoka sokoni, alikuwa mlangoni. Aliuona ukipanda. Akamshika mtoto mkono. "Twende."

Bibi hakujitetea. "Ni kweli uliinuka," alisema. "Ila kuushusha, nimeushusha mimi."

Mtoto akafumbua jicho moja. "Mama, bibi hakunipiga. Alitaka, halafu akakataa."

Binti aliuachia mkono wa mtoto. Kisha akatua kikapu chake chini, akauliza kama kitambaa kingine kama kile kitapatikana kabla ya harusi.